Serikali ya Mfalme na Kura ya Raia

Usiku wa kuamkia tarehe 6 Februari, 1952, binti wa kifalme mwenye umri wa miaka 25 alilala katika nyumba iliyojengwa juu ya mti, mahali paitwapo Treetops katika msitu wa Aberdare karibu na Nyeri, akitazama wanyama waliokuja kunywa maji chini yake. Usiku ule ule, huko Sandringham katika Uingereza, baba yake, Mfalme George wa Sita, alifariki usingizini. Binti yule hakuwa na habari. Walakini tangu dakika ile baba yake alipokata roho, yeye ndiye aliyekuwa Malkia Elizabeth wa Pili. Hakungoja kupigiwa kura, wala kuchaguliwa na baraza lolote, wala hata kuvikwa taji, kwa maana taji alivikwa mwezi wa Juni, 1953. Habari ilimfikia mchana, alipokuwa amekwisha teremka kutoka mtini na kurudi katika nyumba ya Sagana, naye akafunga safari ya kwao siku ile ile.

Jambo hili huwatatiza watu wengi. Huuliza: ikiwa kiti cha enzi hupatikana kwa kuzaliwa, kura ni za kazi gani? Na ikiwa kura ndizo zenye nguvu, Mfalme ni wa kazi gani? Maswali haya ni ya haki, wala jibu lake halipatikani kwa kufungua kitabu kimoja, kwa sababu Uingereza haina katiba iliyoandikwa mahali pamoja. Katiba yake ni sheria nyingi zilizotungwa na Bunge katika karne nyingi, pamoja na hukumu za majaji, na desturi ambazo hazikuandikwa katika sheria lakini zinashikwa kwa nguvu kama sheria.

Mwanzo wa mambo haya ni ugomvi wa fedha. Mfalme Charles wa Kwanza alitaka kutoza kodi bila ya kuomba ruhusa ya Bunge. Tarehe 4 Januari, 1642, aliingia mwenyewe katika baraza pamoja na askari, akitaka kuwakamata wajumbe watano waliompinga. Wajumbe wale walikwisha pata habari, wakatoroka kwa mashua katika mto Thames. Mfalme akamwuliza Spika, William Lenthall, wako wapi. Spika akapiga magoti kwa heshima zote, akajibu kwamba yeye katika mahali pale hana macho ya kuona wala ulimi wa kusema, isipokuwa kama baraza litakavyomwamuru. Mfalme akatoka mikono mitupu. Mwaka ule ule vita vikaanza baina yake na Bunge, na mwaka 1649 akakatwa kichwa. Kwa muda wa miaka 11 nchi ile haikuwa na mfalme kabisa. Ufalme uliporudishwa, na hasa baada ya sheria ya mwaka 1689 iitwayo Sheria ya Haki, ilikuwa wazi kwamba Mfalme hawezi kutoza kodi, wala kufuta sheria, wala kuweka jeshi wakati wa amani bila ya idhini ya Bunge.

Tangu siku ile ya 1642 hakuna mfalme wala malkia aliyetia mguu katika Baraza la Makabwela, yaani lile baraza la wajumbe waliochaguliwa na watu. Mfalme anapofungua Bunge hukaa katika Baraza la Malodi, na humtuma mtumishi wake aitwaye Black Rod kwenda kuwaita wajumbe. Mtumishi huyo anapokaribia hufungiwa mlango usoni. Naye hubisha mara tatu kwa fimbo yake nyeusi ndipo afunguliwe. Wageni hucheka wakiona jambo hilo, hudhani ni mchezo. Lakini mlango ule una maana yake, nayo ni kwamba baraza la watu huingiwa kwa hodi, hata kama anayekuja ametumwa na Mfalme.

Wajumbe wakisha kufika, Mfalme husoma hotuba inayoeleza sheria ambazo Serikali yataka kuzipitisha. Husema "Serikali yangu", lakini hakuna neno hata moja lililotungwa na yeye. Hotuba yote huandikwa na mawaziri, naye huisoma vivyo hivyo, ikimpendeza ama isimpendeze. Hali kadhalika, hakuna muswada unaokuwa sheria mpaka Mfalme aukubali, walakini mara ya mwisho kukataa ilikuwa mwaka 1708, katika enzi ya Malkia Anne, nayo hata hivyo ilikuwa kwa shauri la mawaziri wake. Haki iliyobaki kwa Mfalme ni haki ya mzee wa ukoo: kuulizwa shauri, kutia moyo, na kuonya. Kwa desturi Waziri Mkuu huenda kwake mara moja kwa juma, wakakaa wawili faraghani, na yanayosemwa humo hayatangazwi. Malkia Elizabeth alikaa kitini miaka 70, akawapokea mawaziri wakuu 15 wa kwanza wao akiwa Winston Churchill. Mtu aliyesikiliza siri za serikali kwa muda kama huo hawezi kukosa neno la maana la kumwambia mgeni wa kazi, ingawa hana amri ya kumpa.

Basi amri iko wapi? Iko katika Baraza la Makabwela. Baraza hilo lina wajumbe 650, na kila mmoja hutoka katika jimbo lake. Mtu anayeweza kutegemea kura za wajumbe zaidi ya nusu ndiye anayeitwa na Mfalme kuunda serikali. Raia wa Uingereza hawapigi kura ya kumchagua Waziri Mkuu. Wao humchagua mjumbe wa jimbo lao tu, na wajumbe ndio wanaomweka na wanaoweza kumwondoa. Ndiyo sababu mwaka 2022 nchi ile ilipata mawaziri wakuu watatu, mmoja baada ya mwingine, bila ya uchaguzi mkuu hata mmoja. Liz Truss alipewa kazi na Malkia tarehe 6 Septemba, siku mbili kabla ya Malkia kufariki, naye hakumaliza miezi miwili. Tarehe 25 Oktoba Mfalme Charles wa Tatu alimwita Rishi Sunak, mtu ambaye wazazi wake ni wazaliwa wa Afrika Mashariki, baba katika Kenya na mama katika Tanganyika.

Serikali iliyopotewa na imani ya baraza haina budi kuondoka, na hapo kura moja yaweza kuwa nzito kuliko mlima. Tarehe 28 Machi, 1979, Waziri Mkuu James Callaghan, ambaye chama chake hakikuwa na wajumbe wa kutosha, alikabiliwa na kura ya kutokuwa na imani. Viranja wa vyama vyote walihesabu vichwa mchana kutwa. Mjumbe mmoja wa upande wa serikali, Sir Alfred Broughton, ambaye alikuwa daktari, alikuwa mahututi, naye alikuwa tayari kuletwa kwa gari la wagonjwa mpaka uani mwa Bunge ahesabiwe. Callaghan hakutaka mtu afe njiani kwa ajili ya kura. Matokeo yaliposomwa usiku yalikuwa 311 dhidi ya 310. Serikali imeanguka kwa kura moja. Broughton akafa tarehe 2 Aprili. Uchaguzi ukafanywa mwezi wa Mei, na Margaret Thatcher akashinda. Hapakuwa na askari aliyeitwa wala mlango uliovunjwa. Callaghan alikwenda kwa Malkia, akaomba Bunge livunjwe, akaenda kwa raia kuomba kura.

Wale walioshindwa nao wana kiti chao. Kiongozi wa chama cha pili kwa wingi wa wajumbe huitwa Kiongozi wa Upinzani wa Mfalme, naye tangu mwaka 1937 hulipwa mshahara kutoka hazina ya nchi kwa kazi ya kuipinga serikali ya nchi. Jambo hili huonekana kama kitendawili. Je, ni mwenye duka gani anayemlipa mtu wa kusimama mlangoni na kutangaza ubovu wa bidhaa zake? Lakini maana yake ni kwamba kumpinga waziri si kumpinga Mfalme, na asiyeipenda serikali si adui wa nchi yake. Mfalme asipokuwa na chama, wote wawili, anayetawala na anayepinga, huweza kumwapia kiapo kimoja. Kila Jumatano adhuhuri, wakati Bunge linapokutana, Waziri Mkuu husimama kujibu maswali, na kiongozi huyo husimama mbele yake, meza tu ikiwa katikati, akimwuliza mambo ambayo angependelea yasiulizwe.

Baraza la Malodi halina haja ya maneno mengi. Wajumbe wake hawachaguliwi na raia. Zamani wengi walirithi viti kutoka kwa baba zao, lakini sheria ya mwaka 1999 iliwaondoa walio wengi wa namna hiyo, na karibu wote wengine wamewekwa kwa shauri la mawaziri wakuu. Waweza kusahihisha muswada na kuuchelewesha kwa kadiri ya mwaka mmoja, na muswada wa fedha kwa mwezi mmoja tu. Hawawezi kuuzuia kabisa. Kazi yao ya kusahihisha ni nzuri. Kwamba watu wasiochaguliwa waifanye mpaka leo ni jambo ambalo Waingereza wenyewe wamebishana juu yake kwa zaidi ya miaka mia bila ya kulimaliza.

Sasa na itazamwe kura yenyewe. Haikuwa daima kama ilivyo. Kabla ya mwaka 1832 palikuwa na kilima kiitwacho Old Sarum, ambacho karibu hakikuwa na mkazi, nacho kilipeleka wajumbe wawili Bungeni, hali mji mkubwa wa Manchester haukuwa na mjumbe wake hata mmoja. Kura zilipigwa hadharani, kwa kutaja jina mbele ya watu, mwenye shamba akisikia mpangaji wake amemtaja nani. Wagombea waliwanywesha watu pombe siku nyingi kabla ya uchaguzi. Kura ya siri ililetwa na sheria ya mwaka 1872, na sheria ya mwaka 1883 ikaweka mpaka wa fedha anazoweza kutumia mgombea. Hata leo kumlisha au kumnywesha mtu ili kuvuta kura yake ni kosa la jinai. Wanawake walipata kura mwaka 1918, lakini wenye miaka 30 na zaidi tu, tena kwa masharti ya mali. Usawa na wanaume waliupata mwaka 1928. Mpaka mwaka 1948 walikuwako watu waliopiga kura mbili, moja ya nyumbani na nyingine ya mahali pa biashara au ya chuo kikuu. Mwaka 1969 umri ulishushwa kutoka miaka 21 hadi 18. Kwa hiyo mtu anayedhani kwamba Waingereza walizaliwa na kura mkononi amekosea. Iliwachukua karibu miaka mia na arobaini, wakigombana njia nzima.

Katika uchaguzi mkuu wa tarehe 4 Julai, 2024, vituo vilifunguliwa saa moja asubuhi na kufungwa saa nne usiku, katika shule, makumbi ya makanisa, na hata baadhi ya vilabu vya pombe. Kila mgombea alikuwa ameleta sahihi za wapiga kura 10 wa jimbo lake pamoja na dhamana ya pauni 500, ambayo hupotea akikosa kupata kura 5 katika kila 100. Mpiga kura alionyesha kitambulisho chenye picha, sharti ambalo lilikuwa jipya katika uchaguzi mkuu, akapewa karatasi, akaingia katika kibanda peke yake, akatia alama ya msalaba kwa kalamu ya risasi mbele ya jina moja, akaitumbukiza karatasi sandukuni. Masanduku yalipelekwa kuhesabiwa usiku ule ule, mawakala wa vyama wakiwa wamesimama juu ya mabega ya makarani. Matokeo yanaposomwa, wagombea wote husimama safu moja jukwaani, mshindi na walioshindwa, hata waziri aliyepoteza kiti chake, na wengi hupeana mikono mbele ya watu. Katika jimbo la Hendon, kaskazini ya London, mshindi alipita kwa kura 15. Na huko Winchester mwaka 1997 mshindi alipita kwa kura 2; mshindani wake akaenda mahakamani, uchaguzi ukarudiwa, na mshindi yule yule akapita kwa zaidi ya kura 21,000. Yaonekana raia hawakupendezwa na aliyekataa kushindwa.

Asubuhi ya tarehe 5 Julai, Sunak alikwenda kwa Mfalme kujiuzulu, akatoka. Keir Starmer akaingia, akapewa kazi. Makarani wakuu wa wizara hawakuhama, kwa maana wao si wa chama chochote, na faili walizowaandalia mawaziri wa jana huwaandalia wa leo.

Lakini namna hii ya kura ina kasoro kubwa, wala haifai kufichwa. Mwenye kura nyingi katika jimbo huchukua kiti, hata kama wengi zaidi walimkataa, na kura za wengine wote hazina mahali pa kwenda. Katika uchaguzi huo wa 2024, Chama cha Labour kilipata kura kama 34 katika kila 100, lakini kikachukua viti 411 kati ya 650. Chama cha Reform UK kilipata zaidi ya kura milioni 4, kikaambulia viti 5. Na Chama cha Liberal Democrat, chenye kura kama milioni 3 na nusu, kikapata viti 72, kwa sababu watu wake walikusanyika katika majimbo fulani, na wale wengine walitawanyika nchi nzima kama mbegu zilizotupwa na upepo. Mwaka 1951 mambo yalipinduka kabisa: Labour ndicho kilichopata kura nyingi kuliko vyama vyote, na bado Churchill na Conservative wakapata viti vingi wakaunda serikali. Mwaka 1974, mwezi wa Februari, ikawa kinyume chake.

Wanaoitetea njia hii husema kwamba kila mtu ana mjumbe mmoja anayejulikana, wa kumfuata akiwa na shida ya nyumba au ya hospitali, na kwamba mara nyingi chama kimoja hupata nguvu ya kutosha kufanya kazi bila ya kubembeleza vyama vidogo. Raia waliulizwa mwaka 2011 kama wataka namna nyingine, ya kuwapanga wagombea kwa nambari, nao karibu 68 katika kila 100 wakakataa. New Zealand, iliyo chini ya Mfalme huyo huyo, ilichagua njia nyingine, na tangu mwaka 1996 viti vyake hugawanywa kulingana na kura za vyama. Basi ufalme hauna namna moja ya kura iliyofungamana nao, na kasoro hiyo ni ya kura, si ya taji.

Mtu aweza kuuliza tena: na Waziri Mkuu akilitumia jina la Mfalme vibaya, ni nani atakayemzuia, maadamu Mfalme hufuata shauri lake? Jibu lilipatikana mwaka 2019. Boris Johnson alimshauri Malkia aliahirishe Bunge kwa majuma matano, wakati wa mabishano makali juu ya kutoka katika Umoja wa Ulaya. Malkia akakubali, kama desturi inavyomtaka. Raia wakaenda mahakamani. Tarehe 24 Septemba majaji 11 wa Mahakama ya Juu, kwa sauti moja, walihukumu kwamba shauri lile lilikuwa kinyume cha sheria, na kwamba amri iliyotoka kwake ilikuwa kama karatasi tupu. Kesho yake wajumbe walirudi katika viti vyao.

Mambo haya si ya mbali sana na Afrika Mashariki. Tanganyika ilikuwa chini ya Malkia kwa mwaka mmoja baada ya kupata uhuru mwaka 1961, na Kenya vile vile, tangu tarehe 12 Desemba, 1963, hadi ilipokuwa jamhuri siku kama hiyo mwaka 1964; Jomo Kenyatta alianza kuiongoza Kenya huru akiwa Waziri Mkuu, si Rais. Taji liliondoka, lakini jimbo lenye mjumbe mmoja, mwenye kura nyingi kuchukua kiti, lilibaki.

Tena liko jambo ambalo wengi waliokwenda Uingereza kwa kazi au masomo hawalijui. Raia wa nchi za Jumuiya ya Madola, na miongoni mwao Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda, akiwa anakaa Uingereza kwa ruhusa halali na umri wake umetimia, ana haki ya kupiga kura katika uchaguzi wa Bunge la nchi ile, bila ya kubadili uraia wake. Akiwa na ruhusa ya kukaa daima aweza hata kusimama kugombea kiti. Linalotakiwa ni kujiandikisha katika daftari la baraza la mji anamokaa, siku 12 za kazi kabla ya siku ya kura. Pasi ya nchi yake yenye picha hukubaliwa kituoni kuwa kitambulisho.